Upatanisho wa Kisarufi kama Kigezo cha Kuteua Programu za Kuandalia Miongozo ya Kiufundi: Mfano wa Mkonge Mkoani Tanga

Tangu Richard Hindorf alipoingiza mkonge mwaka 1893 na miche yake kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, zao hilo limekipatia Kiswahili cha Tanga msamiati wake wa kiufundi. Mashine inayoponda jani na kutenga nyuzi huitwa korona. Msamiati huo unapoingia katika mwongozo wa mashine, uteuzi wa programu ya kuandalia mwongozo huo huchukuliwa kuwa suala la gharama na ufundi tu. Makala hii inadai kuwa ni suala la sarufi pia.

Programu nyingi za aina hii huwezesha maandishi yaliyoandikwa mara moja kutumika katika miongozo kadhaa. Baadhi huacha nafasi ndani ya sentensi ili jina la kifaa lijazwe baadaye. Mbinu hiyo huifaa lugha ambayo kiwakilishi kimoja hurejelea vifaa vyote. Katika Kiswahili, nomino hutawala viambishi vya maneno yanayoirejelea, hivyo kubadili nomino ni kuigusa sentensi nzima.

Tuchukue agizo hili la kubuni: *Zima korona, ondoa mkanda, kisha uisafishe.* Kiambishi cha yambwa *-i-* kinarejelea korona (ngeli ya 9), si mkanda (ngeli ya 3). Tuseme mhariri, akiona kuwa tangu mwaka 2020 neno korona huwakumbusha wengi ugonjwa, anaweka *mtambo* mahali pake. Kiambishi *-i-* kinabaki bila kirejelewa. Akisahihisha kuwa *uusafishe*, sarufi inatengemaa lakini maana inagawanyika: kinachosafishwa ni mtambo au mkanda? Utata huo ungevumilika katika hadithi. Mbele ya mashine inayoponda majani, msomaji hapaswi kukisia.

Kutokana na mfano huo, tunapendekeza maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuteua programu. Kwanza, je, inaruhusu sentensi au aya nzima itumike tena, badala ya neno pekee? DITA, kiwango kilichoidhinishwa na OASIS mwaka 2005, kinaruhusu yote mawili. Uamuzi unabaki kwa mwandishi. Pili, je, hazina yake ya istilahi inaweza kuhifadhi ngeli ya kila nomino? Tatu, je, humwonesha mhariri kila sentensi inayoathiriwa kabla neno halijabadilishwa? Kwa mwongozo mmoja mfupi, LibreOffice Writer hutosha, mradi mhariri abadilishe neno moja baada ya jingine.

Menyu za Kiswahili, kama zile za Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, humrahisishia mwandishi kazi, lakini hazitatui tatizo la upatanisho. Ufumbuzi wa msingi ni wa kimtindo: nomino irudiwe penye hatari ya utata, yaani *kisha usafishe mtambo*. Programu ifaayo ni ile isiyomzuia mwandishi kufanya hivyo.