Babu alivuka bahari, mjukuu aruhusiwe kuvuka jangwa

MASKATI — Kila joto linapopungua hapa Oman, swali moja hurudi katika nyumba nyingi za wenzetu wanaozungumza Kiswahili: je, kijana wa miaka 15 aruhusiwe kwenda kulala jangwani siku kadhaa na kundi la vijana wasiojulikana na wazee wake? Mama anahofia jua, baba anahofia ajali, na bibi anauliza kwa nini mtu aache kitanda chake akalale mchangani kama aliyefukuzwa kwao.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Skauti, iliyoanzia kwenye kambi ya Baden-Powell huko Uingereza mwaka 1907, ilifika Zanzibar mwaka 1912, kabla hata ya Tanganyika. Hapa Maskati ilianza mwaka 1932. Mwasisi wake alifariki dunia mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, Kenya.

Mwaka huohuo wa 1941, mwalimu Mjerumani Kurt Hahn pamoja na mwenye meli Lawrence Holt walifungua skuli ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Ilikuwa wakati wa vita, na walikuwa wameona kwamba meli zinapozamishwa, mabaharia vijana wenye nguvu walikata tamaa mapema, ilhali wazee waliozoea dhiki walistahamili. Katika miaka ya 1950, skuli ya namna hiyo ilikuwapo pia Loitokitok, nchini Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Outward Bound Oman nayo ilianza mwaka 2009, ikiwa ya kwanza katika ulimwengu wa Kiarabu. Mwanzilishi wake, Mark Evans, aliondoka Salalah tarehe 10 Disemba 2015 pamoja na Waomani wawili, Mohamed Al Zadjali na Amour Al Wahaibi. Kwa miguu na ngamia walivuka jangwa la Rub al-Khali, kilomita zipatazo 1,300, wakaingia Doha tarehe 27 Januari 2016. Walifuata njia waliyopita Bertram Thomas na Sheikh Saleh bin Kalut mwaka 1930 na 1931.

Wapenzi wasomaji, kijana hatakiwi kufanya makubwa kama hayo. Anachojifunza ni kubeba mzigo wake, kugawana maji na mwenzake, kupika na kuliongoza kundi zamu yake inapofika. Kwa watoto wetu lipo na jingine. Wapo wanaozungumza Kiswahili nyumbani na kuona haya kufungua mdomo mbele ya wenzao kwa sababu ya lafudhi yao ya Kiarabu. Jangwani hakuna anayecheka lafudhi ya mtu aliyeshika ramani. Hapo ndipo kijana hugundua kwamba naye ana neno la kusikilizwa.

Hata hivyo, hofu ya wazazi haifai kudharauliwa. Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya ghafla ya wadi katika mkoa wa Sharqiyah yaliwaua watoto wa skuli, na nchi nzima ikalia. Ndiyo maana mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini: kiongozi amefunzwa huduma ya kwanza? Maji ni kiasi gani kwa kila mtoto? Mvua ikitabiriwa, safari inaahirishwa? Wasichana wana viongozi wa kike? Kundi lisilokuwa na majibu ya maswali hayo halistahili mtoto wa mtu. Lakini lenye majibu linamfundisha kijana jambo ambalo kumfungia chumbani hakumfundishi: kuitambua hatari na kukaa mbali nayo.

Tukumbuke pia tulikotoka. Majahazi ya Sur yaliyokuja Zanzibar na upepo wa kaskazi, yakirudi na kusi, yalikuwa na vijana wadogo waliopika, waliochota maji na kupanda mlingoti. Hakuna aliyewaandalia kozi. Bahari ndiyo iliyowafunza, na wengine haikuwarudisha. Wajukuu wao leo wana viongozi, ramani na simu ya dharura. Tusiwanyime safari ambayo babu zao waliifanya bila ya hata kimoja kati ya hivyo.