Pesa za Miti Zikiingia kwa Simu: Mambo ya Kukubaliana Nyumbani Kwanza

Simu ya shosho inalia pale Mukurwe-ini. Amepokea shilingi elfu moja na kitu. Wajukuu wanauliza, "Shosho, nani amekutumia?" Anajibu, "Ni miti." Wanacheka, lakini ni kweli.

Kama unaishi Nyeri, Karatina, Naro Moru au Nanyuki, huenda umesikia kuhusu pesa za kaboni. Wateja wetu wengi hutuuliza zinatoka wapi, kwa hivyo wacha tueleze polepole.

Mti ukikua huvuta hewa ya kaboni na kuihifadhi kwenye shina, matawi na mizizi. Kampuni za ng'ambo zinazochafua hewa hulipia kazi hiyo kwa tani. Shamba la ekari moja haliwezi kutafuta mnunuzi peke yake, ndiyo maana wakulima hujiunga. Mpango unaojulikana sana huku kwetu ni TIST, ulioanza Tanzania mwaka 1999 na kuingia Kenya 2004. Kikundi huwa na watu 6 hadi 12. Mhesabu miti huja na kifaa cha GPS, anazunguka mpaka wa shamba, anahesabu miti iliyo hai na kupima unene wa mashina. Shamba linabaki lako, na miti pia. Kinachouzwa ni kaboni.

Sasa, ni pesa ngapi? Tuseme ukweli, mwanzoni si nyingi. Malipo ya awali ya TIST yamekuwa senti 2 za dola kwa kila mti, kwa mwaka. Miti 500 ni dola 10, na dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni 1,300. Karo ya sekondari hailipiki hapo! Cha kusubiri ni faida: kaboni ikiuzwa na gharama zikitolewa, asilimia 70 ya faida ni ya wakulima. Lakini bei ya kaboni hupanda na kushuka, basi usichukue mkopo ukiitegemea. Na ukiangusha miti Januari shule zikifunguliwa, mhesabu akirudi hatahesabu visiki. Afadhali kupogoa grevilia upate kuni, mti wenyewe uendelee.

Shida kubwa tunayoiona haitoki kwa mnunuzi. Iko nyumbani. Hati ya shamba ina jina la guka aliyefariki, miti ilipandwa na mama, na nambari iliyoandikwa kwa fomu ni ya kijana ambaye siku hizi anaishi Nairobi. Pesa zikiingia, zinaingia kwake. Mama anasikia tu kutoka kwa majirani kwamba wenzake walilipwa. Kwa hivyo kaeni chini kabla ya kutia sahihi, msome mkataba wote (ni wa miaka mingi, watoto wenu watauridhi), na mkubaliane nambari ya nani itumike. Mwenye kupanda miti awe na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe.

Kama pesa za kikundi zinapitia simu ya mweka hazina, ujumbe usomwe kwa sauti mkutanoni, wote wakisikia. Mwenye laini akifariki, msiendelee kutumia PIN yake. Nendeni kituo cha huduma na cheti cha kifo, mwelekezwe kuhusu stakabadhi za urithi.

Halafu kuna wale wa kupiga simu: "Tuma 500 tukuweke kwa orodha ya kaboni." Kata simu. Tangu sheria ya mabadiliko ya tabianchi irekebishwe mwaka 2023, miradi ya kaboni inapaswa kuwa kwenye sajili ya kitaifa, kwa hivyo yeyote anayekuja na mradi mpya muulize kama umesajiliwa. Ukipata ujumbe wa malipo, angalia salio kwanza kabla hujashukuru mtu au "kurudisha" chochote.

Na ukibadilisha laini, ambia kikundi mapema, si baada ya pesa kutumwa. Leo jioni, muulize shosho ni nambari gani iko kwenye fomu yake.