Washonaji wa Kigali na kima cha chini cha faranga 100

Katika ukanda maalumu wa kiuchumi wa Masoro, pembezoni mwa Kigali, nguo za kuuzwa nje zimekuwa zikishonwa tangu kiwanda cha C&H kilipofunguliwa mwaka 2015. Mwaka uliofuata Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba, ambayo Wanyarwanda huiita "caguwa" kutokana na neno la Kiswahili "chagua", kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ilijibu Julai 2018 kwa kuziondoa nguo za Rwanda katika mpango wa AGOA unaosamehe ushuru.

Mvutano huo uliandikwa sana. Ujira wa anayeketi kwenye cherehani, kidogo mno.

Kisheria, kima cha chini cha mshahara kimebaki faranga 100 kwa siku kwa zaidi ya miaka 40. Fedha hizo hazinunui hata kilo moja ya viazi. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 ilimwachia waziri atangaze kiwango kipya kwa amri, lakini miaka ilipita bila amri hiyo kutolewa. Waajiri hulipa zaidi ya hapo, ila kiasi gani ni suala la makubaliano, na mshonaji mmoja peke yake hana nguvu ya kujadiliana.

Haki ya kuungana ipo. Rwanda iliridhia mikataba ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu uhuru wa vyama na majadiliano ya pamoja mwaka 1988. Shirikisho la CESTRAR, lililoundwa mwaka 1985 chini ya chama tawala cha wakati huo, MRND, lilijitenga nacho mwaka 1991.

Thamani ya haki hiyo ilionekana New York, ambako chama cha washonaji wa nguo za wanawake, ILGWU, kilianzishwa mwaka 1900. Novemba 1909, mhamiaji Clara Lemlich alihimiza mgomo, na washonaji wapatao 20,000, wengi wao wanawake, wakaacha kazi. Waajiri wengi walikubali kukitambua chama. Kiwanda cha Triangle kilikataa. Machi 1911 kiliungua, mlango mmoja ukiwa umefungwa kwa ufunguo, na watu 146 wakafa.

Kigali ina ugumu wake. Mshonaji wa vitenge katika soko la Kimironko mara nyingi humiliki cherehani yake na hulipwa na mteja. Huyo anaweza kujiunga na ushirika, lakini hana mwajiri wa kutia naye saini mkataba.