Kupima Mkunjo wa Goti kwa Usahihi

Mgonjwa aliyevunjika mguu anapoondolewa plasta, mara nyingi goti lake huwa limekakamaa. Katika majuma yanayofuata, uamuzi wa kuendelea na mazoezi, kuyabadili au kumrudisha kwa daktari wa mifupa hutegemea swali moja: je, goti linakunjika zaidi kuliko awali? Jibu la swali hilo halipatikani kwa kukadiria kwa macho.

Chombo kinachotumika ni goniomita, yaani kipimapembe chenye mikono miwili iliyounganishwa kwa kitovu kimoja. Mgonjwa hulala chali. Kitovu cha chombo huwekwa juu ya kinundu cha nje cha mfupa wa paja, hapo gotini. Mkono mmoja huelekezwa kwenye kinundu kikubwa kilicho ubavuni mwa nyonga. Wa pili huelekezwa kwenye kifundo cha nje cha mguu. Mpimaji hana budi kuvipapasa vinundu hivyo kwa vidole, kwani chombo kikisogea kidogo, pembe hubadilika. Mguu ulionyooka kabisa husomwa nyuzi 0. Goti la mtu mzima mwenye afya hukunjika hadi nyuzi 135 hivi au zaidi.

Namba peke yake haitoshi. Iandikwe pia kama mgonjwa alikunja goti mwenyewe au alisaidiwa, kwa kuwa vipimo hivyo viwili havilingani. Kama alilala au aliketi. Na maumivu yalianzia wapi. Goti la upande wa pili lipimwe vilevile, maana viungo vya watu havifanani. Mpimaji akiwa yuleyule, na mkao uleule, ulinganisho huaminika zaidi. Hata hivyo, tofauti ya nyuzi 5 yaweza kutokana na upimaji wenyewe. Kwa hiyo ongezeko dogo kama hilo lisitangazwe kuwa nafuu, wala upungufu wake usimvunje mgonjwa moyo.

Uzito wa namba hizi huonekana nyumbani. Kutembea mahali tambarare huhitaji mkunjo wa nyuzi 60 hadi 70 hivi. Kuinuka kitini huhitaji 90 au zaidi. Anayechuchumaa chooni, anayesujudu au anayeketi mkekani huhitaji zaidi ya 110. Basi mgonjwa anayeruhusiwa akiwa na nyuzi 95 aweza kutembea vizuri, lakini asiweze kutumia choo cha nyumbani kwake. Mhudumu na aulize mgonjwa anarejea kwenye shughuli zipi. Naye mgonjwa ana haki ya kuuliza goti lake limefikia nyuzi ngapi, na kuzitunza katika daftari lake la kliniki.