Merikani: Wanunuzi wa Bara na Kiwanda cha Salem

Wanahistoria wengi wanaochunguza jinsi Marekani ilivyogeuka kuwa taifa la kununua na kuuza huanzia madukani New York au Chicago. Jeremy Prestholdt wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliingilia mlango wa Zanzibar. Kitabu chake *Domesticating the World* cha mwaka 2008 kinamweka Mwafrika Mashariki wa karne ya 19 mahali pake: mteja mchaguzi, asiyepokea kila anacholetewa.

Ushahidi wake mkubwa ni merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa.

Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar, na Marekani walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha majora ya nguo Unguja na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliifahamu vizuri nguo hiyo, maana katika misafara ndiyo iliyokuwa posho, ujira na hongo ya kupitia katika nchi za watemi. Nguo iliyokataliwa bara ilikuwa hasara tupu, hivyo matajiri wa pwani waliuliza kwanza safari hii watu wanataka nini, kisha wakaagiza. Kiwanda cha Naumkeag, kilichoanza kufuma Salem mwaka 1847, kililenga soko hilo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vikawakatia Wamarekani njia, na viwanda vya Bombay vikaja kuiga merikani.

Prestholdt anagusa pia saa. Katika nyumba za wakwasi wa Unguja saa za ukutani zilipangwa pamoja na vioo na sahani za kaure, na kazi kubwa ya saa hizo, kwa maoni yangu, ilikuwa kutangaza hadhi ya mwenye nyumba.

Katika bara la leo, Simiyu, mkoa wa Tanzania ulioundwa mwaka 2012 na unaoongoza nchini kwa pamba, una saa yake ya matumizi: msimu. Ununuzi hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, mkulima wa Bariadi au Itilima akapeleka pamba kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na fedha hiyo ndiyo bati, baiskeli, ng'ombe, ada ya shule. Duka linalokopesha Februari linahesabu kwa kalenda hiyohiyo. Ugomvi wa mizani ya kupimia pamba nao ni wa zamani: wizi wa wanunuzi binafsi ulichangia kuzaliwa kwa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, ulioongozwa na Paul Bomani miaka ya 1950.

Sehemu kubwa ya pamba nyuzi husafirishwa nje. Mnadani, mnunuzi anachambua mitumba ambayo baadhi yake imevaliwa Marekani. Bado ni mchaguzi, ila kiwanda hakimsikilizi tena kama Salem ilivyowasikiliza wapagazi: shati lilikatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na anayelirekebisha ni fundi cherehani wa jirani.