Weusi na Walatino Los Angeles: Majirani wanaogombea ajira, kura na paa moja

Na Mwandishi Wetu

Oktoba 2022 wakazi wa jiji la Los Angeles, Marekani, walisikia hadharani maneno ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakisemwa pembeni. Mazungumzo ya faragha ya madiwani watatu na kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, wote Walatino, yalivuja katika mtandao. Ndani yake Rais wa Baraza la Jiji, Nury Martinez, alisikika akimfananisha mtoto Mweusi wa diwani mwenzake na nyani mdogo.

Waandamanaji walivamia ukumbi wa baraza, Ikulu ya Marekani ikataka wahusika wote wang'oke, na katika muda wa siku chache Martinez akajiuzulu. Tusi hilo ndilo lililotawala vichwa vya habari. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mazungumzo hayo, yaliyofanyika Oktoba 2021, ilihusu jambo jingine kabisa: mipaka mipya ya kata za jiji, na nani apate kata ipi.

Wakati huo Walatino, yaani watu wenye asili ya Mexico, Amerika ya Kati na nchi nyingine za Amerika zilizotawaliwa na Hispania, walikuwa karibu nusu ya wakazi wote wa jiji, lakini walishika viti vinne tu kati ya 15 vya udiwani. Weusi, ambao hawakufikia asilimia 10 ya wakazi, walishika vitatu. Kwa upande mmoja hesabu hiyo ilionekana kuwa dhuluma. Kwa upande wa pili, viti hivyo vitatu vilikuwa matunda ya mapambano ya nusu karne, na kuvipoteza kungekuwa sawa na kufutwa katika ramani ya jiji.

Ili kuuelewa mvutano huo ni lazima kurudi nyuma, katika mitaa ya kusini mwa jiji inayojulikana kama South Central, jina ambalo baraza la jiji lililibadili mwaka 2003 kuwa South Los Angeles kwa matumaini ya kuifuta sifa yake mbaya.

MTAA ULIVYOGEUKA

Weusi wengi waliingia Los Angeles katika miaka ya 1940 wakitokea majimbo ya kusini kama Texas na Louisiana. Walifuata ajira katika viwanda vya ndege na meli vilivyokuwa vikihudumia Vita Kuu ya Pili. Hawakuruhusiwa kuishi popote walipotaka. Hati za nyumba katika maeneo mengi zilikuwa na masharti yaliyokataza nyumba kuuzwa au kupangishwa kwa asiye Mzungu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliyanyima nguvu masharti hayo mwaka 1948, lakini mabenki na mawakala wa nyumba waliendelea kuwabana Weusi katika eneo lile lile, kandokando ya barabara ya Central Avenue na kitongoji cha Watts.

Agosti 1965 Watts ililipuka. Ghasia zilizoanza baada ya polisi kumsimamisha dereva Mweusi barabarani zilidumu siku sita na kuua watu 34. Serikali iliahidi shule, hospitali na ajira. Hospitali ilijengwa na kufunguliwa mwaka 1972, lakini ajira zilianza kuondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha matairi cha Firestone na kile cha magari cha General Motors, vyote katika mji jirani wa South Gate, vilikuwa vimefungwa. Maelfu ya kazi zenye mshahara wa kulea familia zilitoweka. Kisha ikaingia kokeini ya bei nafuu, na pamoja nayo magenge yenye silaha.

Weusi wenye uwezo walianza kuhama, wengi wao wakielekea mashariki katika wilaya za San Bernardino na Riverside. Nyumba walizoziacha zilipata wapangaji wapya: Wamexico waliokimbia mtikisiko wa uchumi wa nchi yao wa mwaka 1982, pamoja na Wasalvador na Waguatemala waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1970 karibu asilimia 80 ya wakazi wa eneo hilo walikuwa Weusi. Leo theluthi mbili hivi ni Walatino.

Mabadiliko ya namna hiyo ndani ya kizazi kimoja ni makubwa kwa mtaa wowote. Mzee Mweusi aliyenunua nyumba yake kwa jasho, baada ya kufukuzwa kwingineko, aliona kanisa lake likipungukiwa waumini na mabango ya maduka yakiandikwa kwa Kihispania. Mhamiaji naye, asiye na hati za ukaazi na asiyejua Kiingereza, alijikuta katikati ya uhalifu uliokuwapo kabla yake, akawa shabaha rahisi ya waporaji kwa kuwa aliogopa kwenda polisi.

NANI ALICHUKUA KAZI?

Lawama inayosikika zaidi miongoni mwa Weusi ni kwamba wahamiaji wamechukua kazi zao. Kisa cha wafanya usafi wa majengo ya ofisi kinaonesha ukweli uliomo ndani ya lawama hiyo, na pia ukweli unaofichwa nayo.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wengi wa wafanya usafi katika majengo makubwa ya Los Angeles walikuwa Weusi, wanachama wa chama cha wafanyakazi, wenye bima ya afya na mshahara wa kuridhisha. Wamiliki wa majengo wakaamua kukabidhi kazi hiyo kwa wakandarasi wasiotambua chama. Wakandarasi nao wakaajiri wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati kwa malipo pungufu na bila bima. Katika muda wa miaka michache sura za waliokuwa wakisukuma deki usiku zilibadilika kabisa.

Mfanyakazi Mweusi alimwona Mlatino akiwa ameshika ufagio wake. Hakumwona mmiliki wa jengo, aliyekuwa amepunguza gharama na kubaki kimya. Waswahili husema, vita vya panzi furaha ya kunguru.

Baadaye wahamiaji wale wale waliodhaniwa kuwa hawathubutu kulalamika waligoma. Juni 15, 1990 polisi waliwapiga waandamanaji hao katika eneo la Century City, picha zikaonekana kote nchini, na haukupita muda mrefu mwajiri akatia saini mkataba na chama. Kazi ikapata heshima tena, lakini Weusi walioipoteza hawakurudishwa. Kwa kulitambua pengo hilo, katikati ya miaka ya 2000 chama cha wafanyakazi wa hoteli jijini humo, chenye wanachama wengi Walatino, kilianza kudai katika mikataba yake kwamba hoteli ziongeze ajira za Weusi.

DAMU NA TAKWIMU

Miaka hiyo hiyo ya 2000 ndiyo iliyovuma kwa habari za mapigano. Aprili 2005 wanafunzi zaidi ya 100, Weusi na Walatino, walipigana katika Shule ya Sekondari ya Thomas Jefferson. Shule hiyo ina historia inayogusa hata Afrika Mashariki: ndiko aliposoma Ralph Bunche, mwanadiplomasia Mweusi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1950, na ambaye katika miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili jijini London kwa Jomo Kenyatta. Wakati wa mapigano hayo sehemu kubwa ya wanafunzi wake walikuwa Walatino.

Desemba 2006 msichana Mweusi aliuawa kwa risasi na wafuasi wa genge la Kilatino katika eneo la Harbor Gateway, na mwaka uliofuata waendesha mashitaka wa serikali kuu waliwashitaki makumi ya wafuasi wa genge la Florencia 13, wakidai kuwa liliwalenga Weusi. Hofu ya vita vya rangi ikatanda.

Hata viongozi wa usalama walitofautiana. Mwaka 2008 mkuu wa polisi wa wilaya, Lee Baca, aliandika kwamba rangi ilikuwa sababu kubwa ya mauaji ya magenge. Mkuu wa polisi wa jiji, William Bratton, alipinga. Utafiti wa mtaalamu wa uhalifu George Tita, wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Irvine, uliegemea upande wa Bratton: mauaji mengi kusini mwa jiji yalikuwa ya Mweusi kumuua Mweusi, au Mlatino kumuua Mlatino. Mauaji ya kuvuka mstari wa rangi yalikuwapo na yalikuwa ya kikatili, lakini yalikuwa machache kuliko ilivyodhaniwa.

NGUVU YA KURA

Penye mvutano mkubwa zaidi leo ni katika sanduku la kura. Mji wa Compton ni mfano mzuri. Weusi walipata meya wao wa kwanza huko mwaka 1969, baada ya Wazungu kuwafungia milango kwa muda mrefu. Kufikia sensa ya mwaka 2000 Walatino walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amechaguliwa kuwa diwani.

Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, Walatino wengi hawakuwa raia, au walikuwa watoto, hivyo hawakupiga kura. Pili, kila diwani alichaguliwa na mji mzima, utaratibu unaowanyima nafasi walio wachache miongoni mwa wapiga kura. Wakazi Walatino walikwenda mahakamani, wapiga kura wakaubadili utaratibu huo mwaka 2012, na mwaka 2013 Mlatino wa kwanza akachaguliwa. Hoja walizotumia zilikuwa zile zile ambazo Weusi walizitumia dhidi ya Wazungu kizazi kimoja kabla.

Hali kama hiyo imeonekana katika Kata ya 9 ya Los Angeles. Ingawa wakazi wake wengi ni Walatino, mwaka 2013 ilimchagua Curren Price, ambaye ni Mweusi, naye akarudishwa madarakani katika chaguzi zilizofuata.

Lakini kura hizo hizo zimewahi kuwaunganisha. Mwaka 2001 Antonio Villaraigosa alishindwa umeya baada ya Weusi wengi kumpigia mpinzani wake, James Hahn. Mwaka 2005 karibu nusu ya kura za Weusi zilimwendea yeye, akawa meya wa kwanza Mlatino tangu 1872. Karen Bass, aliyechaguliwa mwaka 2022 kuwa meya wa kwanza mwanamke, ni Mweusi aliyejijengea jina mwaka 1990 kwa kushirikiana na wanaharakati Walatino kuanzisha Community Coalition. Baada ya ghasia za 1992, ambazo takriban nusu ya waliokamatwa walikuwa Walatino, jumuiya hiyo iliwaongoza majirani wa pande zote mbili kuzuia maduka mengi ya pombe yaliyoteketea yasijengwe upya.

KIZAZI KIPYA, TISHIO JIPYA

Watafiti Pierrette Hondagneu-Sotelo na Manuel Pastor, katika kitabu chao cha mwaka 2021 kuhusu eneo hilo, wanaeleza kuwa wahamiaji wa kwanza walijifungia majumbani, lakini watoto wao walikua pamoja na Weusi, wakasoma nao na kujiita wana wa South Central. Kwao jirani Mweusi ni sehemu ya nyumbani.

Kizazi hicho sasa kinakabiliwa na kodi za nyumba zinazowasukuma wote nje ya jiji. Aidha, tangu Juni 2025, serikali kuu ilipoanza operesheni kubwa ya kuwakamata wahamiaji na kupeleka askari wa akiba licha ya Meya Bass kupinga, hofu imeingia katika kaya nyingi za mitaa hiyo.

Kuhusu mipaka iliyoanzisha zogo la 2022, wapiga kura walikata shauri Novemba 2024: waliidhinisha kazi ya kuichora ihamishwe kutoka kwa madiwani kwenda kwa tume huru. Tume haitaongeza idadi ya viti ambavyo jamii hizo mbili zinavigombea. Itakachofanya ni kulazimisha hoja za kila upande zitolewe mbele ya umma, mahali ambapo jirani anaweza kuzisikia na kuzijibu.