Kompyuta ya kujifunzia kutengeneza programu: angalia haya kabla ya kulipa

Mzazi anauza magunia ya mahindi au mbuzi wawili ili kijana wake anayejifunza kutengeneza programu apate kompyuta mpakato. Pesa ya namna hiyo haipatikani kila msimu. Leo tunaeleza mambo ya kuangalia ili isipotee.

Anza na RAM

RAM ni kama meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo na vitu vingi, kazi hukwama. Mtengeneza programu hufungua mambo kadhaa kwa pamoja: sehemu ya kuandikia, kurasa za masomo kwenye intaneti, na programu anayoijaribu. Kwa hiyo tunashauri RAM isipungue GB 8. Anayelenga programu za simu za Android ni bora apate GB 16. Akiwa na GB 8, aunganishe simu yake kwa waya wa USB na kuifanyia majaribio, kwa sababu simu ya kuigiza inayowashwa ndani ya kompyuta hula RAM nyingi.

Muulize muuzaji kama RAM inaweza kuongezwa baadaye. Kwenye kompyuta nyingine imechomelewa, haiongezeki.

Diski iwe SSD

Diski ya zamani ina sahani inayozunguka. Ni nzito kufunguka na huharibika kwa mtikisiko. SSD haina kinachozunguka, hivyo ina kasi na inahimili safari ya bodaboda. GB 256 zinatosha kuanzia.

Mpya si lazima iwe bora

Dukani utaona kompyuta nyembamba, mpya, ya bei nafuu, yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Inafaa kuandika barua, si kazi hii. Mara nyingi kwa pesa hiyo unaweza kupata iliyotumika ofisini, kama Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 au HP EliteBook 840 G5. Zote zilitoka mwaka 2018 na zina nafasi mbili za RAM.

Soma pia jina la prosesa. Kwa Intel, i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Namba 8 baada ya kistari ndiyo inayokuambia. Windows 11 inahitaji Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, na Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta ni ya zamani zaidi, Ubuntu ni ya bure na inafaa sana kwa kujifunzia.

Betri na umeme

Kwenye Windows, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ukikuta umebaki nusu au pungufu, omba bei ishuke.

Kama nyumbani mnatumia sola, kumbukeni kwamba chaja nyingi za kompyuta hizi ni za wati 45 hadi 65. Sola ndogo ya taa na simu haiwezi kuzichaji. Zungumzeni na fundi kwanza.

Ukiwa dukani

Izime, uiwashe tena. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, au ikionyesha jina la kampuni fulani, iache. Bonyeza kila herufi. Unganisha intaneti kutoka kwenye simu yako. Ichaji kwa chaja utakayopewa. Mwisho, dai risiti yenye namba ya kompyuta hiyo. Bila risiti unaweza kujikuta umenunua mali ya wizi.

Mkifika nyumbani, weka muunganisho wa simu kuwa wa kipimo kwenye mipangilio ya Windows, masasisho yasije yakamaliza bando usiku mmoja. Kuandika na kujaribu programu kwa sehemu kubwa hakuhitaji intaneti, hivyo kijana anaweza kuendelea hata bando likiisha.